Nilivyokwenda kuwinda choroa kwenye baridi ya jangwani na mzee ambaye nimeposa kwake

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko nyumbani na mlioko huku ugenini.

Humu mimi ni msomaji wa siku nyingi lakini sijawahi kufungua uzi. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni kwa taratibu, kidole kimoja. Huu uzi nimeuandika kidogo kidogo nikiwa dukani. Mteja akija naacha, akiondoka naendelea. Mkiona mahali pamekatika, jueni kuna mtu alikuwa anataka maziwa.

Ninayosimulia yamenitokea mimi mwenyewe msimu huu wa baridi. Sijatia chumvi. Ningekuwa mtu wa maneno mengi hata hiyo safari nisingepelekwa, kama mtakavyoona.

Twende.

Mimi ni mtu wa Pemba. Nipo Jeddah, nafanya kazi kwenye bakala moja mtaa wa Al-Rawdah. Bakala ndiyo duka la rejareja kwa lugha ya huku. Nakaa Aziziya kwa mama yangu mdogo, ambaye ameolewa huku zamani na ndiye aliyenileta.

Tatizo langu ni moja. Mimi ni mkimya. Sisemi wa kawaida. Mteja akiniuliza bei naonesha kwa vidole. Kafili wangu, yaani mwenye duka, mwezi wa kwanza alidhani mimi ni bubu na alinihurumia sana. Nilipomwambia "shukran" aliruka.

Sasa, mama mdogo ana rafiki yake anayeishi Riyadh, Mzanzibari kama sisi. Mwaka juzi yule mama alikuja Umra na binti yake, wakafikia kwetu. Binti anaitwa Nasra. Mimi nikapewa kazi ya kuwapeleka sokoni. Nasra anaongea, mimi nabeba mifuko. Siku ya mwisho akaniambia, "Khamis, weye ndiye mtu wa kwanza niliyemaliza naye hadithi zangu zote bila kukatwa."

Basi tukaanza kuandikiana. Yeye anatuma meseji tano, mimi ya kwanza bado niko katikati. Lakini hajawahi kulalamika.

Mambo yakawa serious. Mama mdogo na wazee wawili wakapanda kwenda Riyadh kuposa, na mimi nikachukuliwa nikaonekane. Baba yake Nasra ni Mzee Suleiman. Aliletwa huku akiwa mtoto wa kubebwa, miaka ile ya mapinduzi, na amekulia Riyadh, lakini Kiswahili chake ni cha Unguja kabisa. Ana duka Al-Dirah, kwenye soko la zamani, anauza farwa. Farwa ni yale makoti marefu ya baridi yenye manyoya ya kondoo ndani, Waarabu wanayavaa wakienda jangwani.

Alitupokea vizuri. Tukala, tukanywa kahawa. Wazee wakasema yao. Jibu likawa, "Tumesikia, tutawajibu."

Wakuu, jibu halikuja.

Ikapita Ramadhani, ikapita Hija. Mama mdogo akipiga simu kule anaulizwa hali ya hewa ya Jeddah. Mwisho Nasra akaniambia ukweli. Baba yake kasema hivi: "Yule kijana sina ubaya naye, ila simjui. Nimekaa naye sebuleni tangu alasiri mpaka magharibi, kasema 'naam' na 'alhamdulillahi'. Mtu asiyesema n'tajuaje ana nini kifuani? Hiki kimya chaweza kuwa adabu, chaweza kuwa kiburi, chaweza kuwa ana mke Pemba. Mie simwozeshi mwanangu ukuta."

Sina mke Pemba, wakuu. Sina mke popote.

Nilikaa na ile meseji siku nzima. Ilinichoma kwa sababu hakukosea. Kama ningekuwa mimi ndiye baba mtu ningesema vilevile.

Halafu baridi ilipoingia, simu ikapigwa kwa mama mdogo. Mzee Suleiman anasema, mleteni yule kijana Riyadh, kuna mwenzangu kanialika kuwinda kaskazini, nakwenda naye. Jangwani mtu hajifichi.

Mama mdogo alifurahi kama tayari ni harusi. Akaniombea ruhusa kwa kafili yeye mwenyewe, maana mimi ningechukua wiki kuianza ile sentensi. Usiku... samahani, mteja.

Naendelea. Akanipakia mabajia na visheti, akanishika mabega pale kituo cha basi akaniambia, "Mwanangu, ongea! Hata kama huna la kusema, sema baridi!"

Nikapanda basi nikifanya mazoezi ya kusema baridi.

Riyadh nikapokelewa na Idrisa, kaka yake Nasra. Huyu amezaliwa kulekule, Kiswahili chake kinakatwa katwa na Kiarabu, na hana breki mdomoni. Kitu cha kwanza aliniangalia kijaketi changu cha Jeddah akacheka mpaka akajishika ubavu.

"Shemeji, hiki ndicho ulichokuja nacho? Hiki mafi faida, hakifai kitu. Huku tunakokwenda hiki ni kama kwenda uchi."

Tukaenda dukani Al-Dirah. Mzee Suleiman akanitazama juu mpaka chini, akaenda nyuma, akarudi na farwa ya kahawia akanivisha mwenyewe. Nzito jamani. Inanuka kondoo. Idrisa akasema nimekuwa kama godoro lililosimama.

Mzee akasema, "Mwache. Atamshukuru kondoo kesho."

Nikataka kusema asante baba. Likatoka nusu. Nadhani alisikia "baba" tu.

Safari tukaianza asubuhi, gari moja, Idrisa anaendesha, mzee mbele, mimi nyuma na mizigo. Barabara inakwenda kaskazini imenyooka tu, kulia mchanga, kushoto mchanga, mara ngamia, mara kituo cha mafuta. Nikakumbuka nasaha za mama mdogo. Nikajikaza, nikakohoa.

Nikasema, "Baridi."

Mzee Suleiman akageuka akaniangalia. "Ndiyo," akasema. "Baridi."

Mazungumzo yakaisha pale. Idrisa alicheka kimoyomoyo mpaka gari likayumba.

Hapa niwaambie kitu kabla mtu hajanirukia. Huku kuwinda ovyo jangwani ni kosa kubwa, wala usijaribu. Sisi tulikokwenda ni eneo la mtu binafsi, limezungushiwa waya, wanafuga choroa na swala kwa kibali, na kila baridi wanapunguza madume. Mkisikia eneo la waya msifikirie banda la kuku. Mimi waya niliuona tulipoingia tu, upande wa pili sikuuona mpaka tunaondoka. Ni vilima, mabonde makavu, mawe meusi na miiba. Unaweza kupotea humo na usionekane tena.

Mwenyeji wetu anaitwa Abu Fahad, jirani yake mzee pale sokoni, na eneo ni la binamu yake. Mtu mnene, ndevu nyeupe, sauti kama spika ya msikitini. Alitupokea kwa kahawa na tende mbele ya hema, na akanibusu mashavu kama tunajuana miaka.

Asubuhi yake ndiyo nilijua baridi ni nini.

Nilitoka hemani kutawadha. Nikaingiza mkono kwenye ndoo, mkono ukagonga. Maji yamekuwa kioo! Mimi barafu naijua ya friji, au ya malai za kulamba kule nyumbani. Sijawahi kufikiria kwamba inaweza kujitengeneza yenyewe nje, bila umeme, bila mtu kuiambia. Na mchanga wote ulikuwa mweupe juu kama umenyunyiziwa chumvi, ukikanyaga unalia.

Nikakitoa kile kipande cha barafu kizima, cha duara kama sahani ya kombe, nikakiinua juani. Nilifurahi kitoto, sioni haya kusema. Nikapiga picha nikamtumia Nasra.

Nilipogeuka, Mzee Suleiman amesimama nyuma yangu ananitazama. Nikakiweka chini kile kipande taratibu, kama nimekamatwa nacho.

Baada ya chai tukafundishwa bunduki. Ni bunduki ya Abu Fahad, ya kuwindia, ina darubini juu. Walitega kopo la mafuta kwenye jiwe mbali. Idrisa akapiga mara tatu, kopo likabaki linamwangalia.

Mzee akalala kifudifudi pembeni yangu kwenye mkeka na kunielekeza mwenyewe. Hapo ndipo alipokuwa karibu na mimi kuliko siku zote. Aliongea kwa upole sana.

"Usiivute kwa pupa. Vuta pumzi. Itoe nusu. Ile nusu iliyobaki ishike, usitikisike, halafu ubane kidole pole pole. Mwili wote uwe kimya."

Wakuu, mwili wote uwe kimya! Mtu hajawahi kunipa kazi ninayoiweza kama ile.

Nikavuta, nikatoa nusu, nikashika. Kopo likaruka.

Abu Fahad akapiga takbira. Idrisa akasema hilo kopo lilikuwa limechoka kwa sababu yake. Mimi utotoni nilikuwa mtu wa manati, nadhani jicho lilibaki.

Siku hiyo tulizunguka tu bila kupata. Tuliona nyayo, tukaona walikolala. Kesho yake ndiyo siku yenyewe.

Tulitoka baada ya alfajiri, kwa miguu, watu wanne. Upepo unakata masikio. Mgeni kwa habari hizi ajue kwamba mnyama unamwendea upepo ukikupiga usoni, ukikupiga kisogoni amekwisha kukunusa. Tukazunguka kilima kimoja kirefu. Abu Fahad akatulaza chini kwenye ukingo wa bonde, nyuma ya kichaka cha miiba.

Na walikuwa pale.

Sijui niwaeleze vipi. Choroa wa huku ni mweupe, miguu ya hudhurungi, uso una mabaka meusi, na pembe mbili zimenyooka kwenda juu ndefu kama mikuki. Walikuwa kama saba, wanakula majani makavu, mvuke unawatoka puani. Jua limewapiga ubavuni. Nilisahau mikono inauma.

Abu Fahad akanong'ona na bunduki akanisogezea mimi.

Nikatikisa kichwa. Nikamwonesha Mzee Suleiman. Nilijua mzee ndiye aliyesubiri siku hii mwaka mzima. Lakini Abu Fahad akasema kwao risasi ya kwanza ni ya mgeni aliyetoka mbali zaidi, na si jambo la kujadiliana. Akanionesha dume moja limejitenga, pembe moja imevunjika ncha.

"Yalla, ya walad. Huyo."

Nikamtazama mzee. Akaashiria kwa kidevu, piga.

Nikaweka bega. Moyo unagonga mpaka darubini inaruka. Nikakumbuka niliyofundishwa. Nikavuta pumzi. Nikatoa nusu. Ile nusu nikaishika, mwili wote kimya. Nikabana.

Dume likaanguka.

Wengine wakatimka, vumbi. Idrisa akaniangukia mgongoni anapiga kelele, "Shemeji! Shemeji! Wallahi shemeji!" Mzee Suleiman akacheka, mara ya kwanza namuona meno. Mimi sikuamini. Nilihisi joto kutoka kidole cha mguu mpaka utosini, kwenye ile baridi yote.

Hapo Abu Fahad akaniuliza neno moja, kwa furaha tu, kama mtu anayekamilisha utaratibu.

"Sammait?"

Kiarabu changu ni cha dukani, nilimtazama. Mzee Suleiman akanifasiria huku bado anacheka. "Anakuuliza, umesoma bismillahi ulipofyatua?"

Wakuu.

Kwa wasiojua, mwindaji Mwislamu anataja jina la Mungu pale anapofyatua. Hiyo ndiyo inasimama mahali pa kuchinja kama mnyama atakufa kwa risasi.

Na mimi nilikuwa nimeshika pumzi. Nilishika pumzi vizuri mno. Hata herufi haikutoka, wala moyoni haikupita. Nilikuwa nafikiria kidole.

Wote watatu wananitazama. Nyama ile ilikuwa na wenyewe. Ndugu zake Abu Fahad walikuwa njiani na watoto wao kuja kula, na mchele umeshaoshwa. Na pembeni yangu yupo mtu ambaye sijapata jibu lake.

Idrisa akaninong'oneza sikioni, "Sema naam, shemeji. Sema naam tu, halas."

Rahisi kabisa. Neno lenyewe ndilo ambalo mimi nalisema siku zote.

Nikatazama kule bondeni. Dume likainua kichwa. Halijafa! Risasi ilipita nyuma kidogo ya bega. Linataka kusimama, linaanguka.

Sijui ile sauti ilitoka wapi. Nilipiga kelele mpaka kilima kikajibu.

"SIJASEMA! BABA, SIJASEMA, NIMESAHAU! YUKO HAI! KISU! NIPENI KISU!"

Nikamnyang'anya Idrisa kisu kiunoni nikateremka bondeni mbio.

Farwa haikimbiki, niwaambie. Inakupiga magotini, unakimbia kama mtu aliyejifunga shuka. Nikaivua nikaitupa, nikabaki na kile kijaketi changu cha Jeddah. Kiatu kimoja nikakiacha kwenye miiba. Nakimbia huku naomba kimoja tu, asife, asife kabla sijafika.

Nyuma yangu nasikia, "Pembe! We Khamis! Angalia pembe!"

Nikageuka. Mzee Suleiman anakuja mbio! Mzee wa umri ule, kofia imemtoka, ndevu zinapepea, ananikaribia kabisa.

Tulipofika dume likatugeuzia pembe. Likapiga kushoto, likapiga kulia. Zile pembe zikikupata tumboni zinatokea mgongoni. Mzee akaniamuru, "Nenda nyuma! Mgongoni kwake!" Akavua farwa yake akaitupa juu ya kichwa cha mnyama, ikamfunika macho, naye akaziangukia pembe kwa kifua na mikono miwili.

"Nimemshika! Fanya haraka! Mgeuze kibla!"

"Kibla ni wapi baba?"

"Kule! Kule kwenye jua... siyo! Jua liweke kisogoni! Mgeuze!"

Tukamgeuza, tunasukumana, tunahema. Na nikasema bismillahi Allahu akbar. Nilisema kwa sauti ambayo nadhani hata wale waliokimbia waliisikia. Nikachinja.

Damu ikatoka inafuka moshi kwa ile baridi.

Tukakaa chini wote wawili, mimi na mzee, mabega yameegemeana. Nilimwangalia yule mnyama. Nilimwonea huruma, siwafichi. Macho yake yalikuwa mazuri. Nikampapasa shingo. Mzee akaniona, akampapasa na yeye.

Halafu akaniangalia mguuni. "Kiatu chako kiko wapi?"

"Kule juu, baba."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka. Abu Fahad aliposhuka na tumbo lake pole pole na Idrisa kabeba farwa yangu na kiatu, walitukuta tunacheka kama wendawazimu, tumejaa damu na mchanga.

Mchana ule ulikuwa sikukuu. Ndugu za Abu Fahad walifika na watoto. Ini likachomwa kwanza kwenye makaa, na kwa desturi yao kipande cha kwanza ni cha aliyepiga. Nilikula nimesimama, vidole vinaungua.

Ukatokea ugomvi mkubwa kuhusu mchele. Abu Fahad anataka kabsa yao, Mzee Suleiman kaja na bizari zake kutoka nyumbani anataka pilau. "Wewe unataka kuchemsha tu," mzee anamwambia. "Nyama kama hii unaichemsha kama unamchemshia mgonjwa!" Abu Fahad anamjibu kwamba Wazanzibari wanatia viungo mpaka mnyama anasahau jina lake. Mwisho zikapikwa sufuria mbili. Ya Abu Fahad ilibaki kidogo, pilau haikubaki. Nasema kama shahidi, ingawa si shahidi wa kuaminika.

Alasiri tukawa tumekaa juani mimi na mzee, tunakunywa chai ya maziwa yenye tangawizi. Akaniuliza bila kunitazama.

"Khamis. Kwa madhehebu yetu sisi watu wa pwani, ukisahau bismillahi nyama inalika. Ni hawa wenzetu wa huku ndio wagumu kwa mnyama wa kuwinda. Hukuwa ukilijua hilo?"

Sikuwa nikilijua. Chuoni, kwenye Kurani, sikufika huko.

"Nilikuwa sijui, baba."

"Na kama ungelijua? Ungelipiga kelele vile?"

Nikafikiri. Mzee akasubiri. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunisubiri namna ile, ukimtoa mwanawe. Nikasema, "Ningepiga, baba. Kwa sababu wanaokula ni wao. Wangekula kitu ambacho kwao hakifai na wasijue, na mimi nakaa nao sinia moja. Nisingeweza kumeza."

Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumwambia mtu mzima.

Mzee akanywa chai yake yote. Akasema, "Mh." Halafu akainuka akaenda kumtania Abu Fahad.

Mh! Wakuu, niliichambua hiyo "mh" mpaka tunafunga mizigo. Nilimuuliza Idrisa maana yake. Akasema baba yake ana "mh" za aina nyingi na yeye mwenyewe bado anajifunza.

Siku ya kurudi tukasimama kwenye kituo cha mafuta, barabarani, upepo unavuma. Idrisa anajaza tangi. Mzee akatoa simu, akashuka, akasimama pale kwenye dirisha langu, nje, kama vile mimi sipo. Akapiga. Nikasikia sauti ninayoijua, ya mama mdogo.

Kwetu jibu la posa haambiwi mposaji. Wanaambiwa wakubwa zake. Kwa hiyo nilikaa nikatazama mbele kama mtu asiye na masikio.

"Bi Zuhura, asalaam alaikum. Kijana wenu yuko hapa, mzima, anatetemeka tu. Nakuleteeni paja la choroa. Sikiliza, ile habari mliyotuletea... ndiyo, ile... Mimi nilikuwa namwogopa kwa kimya chake. Sasa nimekwisha kumsikia. Tumekubali, bibi. Njooni na wazee tupange."

Vigelegele vilivyotoka kwenye ile simu! Mzee akaiweka mbali na sikio. Mpakistani aliyekuwa anajaza mafuta gari la jirani akageuka kutafuta harusi iko wapi. Idrisa akaacha tangi, akafungua mlango wangu, akanikumbatia na mkono unaonuka petroli.

"Sema kitu basi shemeji!"

Nikafungua mdomo. Meno yanagongana. Machozi yanatoka na siyo kwa upepo. Neno halikuja.

Mzee Suleiman akasema, "Mwache. Huyu akiwa na la kusema atasema."

Akanivuta farwa shingoni akanifunga kifungo cha juu.

Nimerudi Jeddah, niko bakala, huku jua linawaka kama kawaida. Paja tulilila mtaa mzima pale Aziziya. Farwa mzee alinikataza nisiirudishe, imening'inia chumbani, haina kazi hapa lakini kila siku naipangusa.

Nilichojifunza ni hiki. Wakimya wenzangu, watu hawachukii kimya chetu. Wanaogopa kwa sababu hawajui kimeficha nini. Huhitaji kuwa msemaji. Lakini kuna siku moja moja ambayo neno likibaki kifuani, mtu mwingine anaumia kwa hilo. Siku hiyo litoe, hata kama litatoka kwa kelele na kiatu kimoja.

Na ukishika bunduki, soma bismillahi kabla ya kushika pumzi. Mpangilio ndio huo.

Sasa wakuu, nimefungua uzi huu kwa sababu nina shida, na mama mdogo hanisaidii, anacheka tu. Ndoa inafungwa Riyadh baada ya mfungo, inshallah. Nimeambiwa shehe atanishika mkono mbele ya ukumbi mzima, na mimi ndiye nitakayejibu, peke yangu, kwa sauti, mpaka mashahidi wa nyuma wasikie, kwamba nimekubali kumuoa Nasra. Idrisa ameshaniahidi ataleta spika.

Waliooa humu, hasa wenye haya kama mimi, mlifanyaje? Nasoma comment zote. Kujibu nitachelewa, lakini nitajibu.